Hati za Express Entry ya Kanada: kipi uanze nacho, kipi kingoje mwaliko

Mfanyakazi mwenye ujuzi anayetaka ukaazi wa kudumu wa Kanada kwa njia ya serikali kuu hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Unafungua wasifu bila kulipa chochote, unapewa alama, kisha unasubiri. Mwaliko wa kuwasilisha maombi ukija, unazo siku 60 za kupakia kila hati. Hapo ndipo wengi wenye alama nzuri wanapokwama, kwa sababu siku 60 hazitoshi kumtafuta bosi wa mwaka 2017, kurekebisha cheti cha ndoa na kuchukua alama za vidole kwa pamoja.

Kwa hiyo usifuate mpangilio wa fomu. Fuata muda. Hati inayomtegemea mtu mwingine na inayodumu miaka ianze leo. Hati inayoisha haraka ingoje. Maelezo haya yanamhusu zaidi anayeomba kupitia Federal Skilled Worker akiwa nje ya Kanada, yaani mpango unaodai angalau alama 67 kati ya 100 kabla hata hujaingia kwenye foleni.

Kabla ya kufungua wasifu

Mtihani wa lugha na tathmini ya elimu havikwepeki, maana bila namba zake wasifu haukamiliki.

Kwa Kiingereza, fanya IELTS ya General Training. Kila mwaka kuna watu wanaofanya ile ya Academic wakidhani ndiyo ya heshima zaidi, na matokeo yake hayapokelewi. CELPIP General na PTE Core zinakubalika pia. Kiwango cha chini ni 6.0 katika kila kipengele cha IELTS, lakini ukiishia hapo alama zako zitakuwa chache mno. Lengo la maana ni 8.0 kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, maana hapo alama hupanda kwa mkupuo. Matokeo yanadumu miaka 2, na lazima yawe hai siku unayowasilisha maombi, si siku ya kufungua wasifu tu. Msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda aliyesoma kwa Kifaransa asiache fursa ya TEF Canada au TCF Canada: Kifaransa kizuri kina alama zake za nyongeza na hata mialiko yake maalumu.

Tathmini ya elimu, yaani ripoti inayolinganisha cheti chako na cha Kanada, hufanywa na taasisi zilizoteuliwa, kama WES, na hudumu miaka 5. Daktari na mfamasia wana taasisi zao wenyewe, kwa hiyo wasikimbilie WES kwa sababu rafiki alikwenda huko. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuagiza ripoti isiyo ya uhamiaji. Chagua ile iliyoandikwa kuwa ni ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada. La pili ni kudhani kwamba transkripti uliyo nayo kabatini itatosha. Taasisi nyingi hutaka chuo chenyewe ndicho kitume, kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri au kwa njia ya mtandao. Kwanza hakikisha hudaiwi ada wala kitabu cha maktaba, kisha andika namba ya kumbukumbu uliyopewa na taasisi ya tathmini kwenye ombi na kwenye bahasha. Bila namba hiyo, bahasha inafika na kukosa mwenyewe. Ukitaka alama za vyeti viwili, mfano stashahada na shahada, vyote viwili vifanyiwe tathmini.

Barua ya mwajiri

Hii ndiyo hati inayobeba maombi yote, na ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Barua ya kawaida ya HR wa kwetu, inayosema fulani alifanya kazi nasi tangu lini hadi lini na tunamtakia heri, haina thamani hapa. Afisa anatafuta mambo haya, kwenye karatasi rasmi ya kampuni:

- jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti;
- kila cheo ulichoshika, na tarehe zake zenyewe za kuanza na kumaliza;
- saa za kazi kwa wiki;
- mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu;
- majukumu yako katika kila cheo;
- jina, cheo, simu, barua pepe na saini ya msimamizi au mtu wa HR, na kadi yake ya kazi kama ipo.

Saa za kazi ndizo zinazosahaulika zaidi. Kazi ya muda wote ni saa 30 au zaidi kwa wiki, na unahitaji angalau mwaka mmoja mfululizo, yaani saa 1,560, ndani ya miaka 10 iliyopita. Bila saa kuandikwa, afisa hana namna ya kuuhesabu mwaka wako. Mshahara nao, kwa kuwa kwetu hutajwa kwa mwezi, uandikwe kwa namna zote mbili: TZS 1,800,000 kwa mwezi, sawa na TZS 21,600,000 kwa mwaka. Muhuri si sharti la Kanada, lakini barua ya kwetu isiyo na muhuri huonekana nusu; ugongwe tu.

Majukumu yanahitaji akili kidogo. Kanada hupanga kazi kwa orodha iitwayo NOC, na kazi yako lazima iwe kwenye ngazi ya TEER 0, 1, 2 au 3. Kinachoangaliwa ni ulichokuwa ukifanya, si jina la cheo. Chukua neno mhasibu. Kwetu humwita hivyo mkaguzi wa hesabu mwenye CPA, na humwita hivyo pia kijana anayeingiza ankara kwenye kompyuta. Kwa NOC, wa kwanza ni 11100, ngazi ya TEER 1. Wa pili anaweza kuangukia 14200, ambayo ni TEER 4 na haikubaliki kabisa. Mkaguzi akiandikiwa barua ya majukumu matatu mepesi, kutunza risiti, kulipa wazabuni, kupeleka fedha benki, anasomeka kama karani na maombi yanakataliwa. Soma maelezo ya namba yako kwenye tovuti ya NOC, kisha andaa rasimu ya majukumu 6 hadi 10 uliyoyafanya kweli, kwa maneno ya kazini kwenu, umpelekee msimamizi. Usinakili sentensi za NOC neno kwa neno. Maafisa wanazijua kwa moyo, na barua ya namna hiyo huzua shaka hata kama kazi ilikuwa ya kweli.

Mwajiri akigoma kuandika zaidi ya tarehe na cheo, chukua hiyo barua fupi, uongeze barua ya msimamizi wako wa moja kwa moja yenye majukumu, mkataba na hati za mshahara. Kenya, fomu ya kodi ya P9 ya kila mwaka ni ushahidi mzuri wa ajira. Tanzania, taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha mwajiri na miezi. Kampuni iliyofungwa hutibiwa vivyo hivyo, pamoja na kiapo cha msimamizi wa zamani. Aliyejiajiri alete usajili wa biashara, leseni, nyaraka za kodi na barua za wateja zinazotaja kazi, muda na malipo. Barua aliyojiandikia mwenyewe haihesabiki.

Fedha

Viwango hubadilishwa kila mwaka. Vilivyoanza Julai 2025 vilikuwa dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, 19,001 kwa wawili, 23,360 kwa watatu na 28,362 kwa wanne. Hesabu ya familia inamjumuisha mwenzi na kila mtoto tegemezi, hata wasiosafiri nawe. Weka ziada ya asilimia 10 au zaidi, kwa sababu shilingi ikiteleza wiki moja tu unaweza kujikuta chini ya mstari.

Barua ya benki iwe na anwani na mawasiliano ya benki, jina lako, namba ya kila akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi 6, na madeni yako yote, mkopo na kadi. Karani wa tawi atakupa barua ya salio peke yake kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta yake. Nenda na orodha, umwombe meneja. Ambatanisha taarifa ya akaunti ya miezi 6.

Ploti na nyumba havihesabiki, na pesa ya kukopa hairuhusiwi. Akiba ya SACCO iliyofungwa kwa sababu umemdhamini mwenzako haipatikani mara moja, kwa hiyo usiitegemee. Fedha kubwa zikiingia ghafla mwezi mmoja kabla, lazima zielezwe: umeuza shamba, leta mkataba wa mauzo na njia ya malipo, umepewa na mjomba, leta barua yake inayosema ni zawadi isiyorudishwa pamoja na taarifa ya akaunti yake. Na usizitoe baada ya kuwasilisha. Zinatakiwa kuwepo hadi viza itoke.

Majina, ndoa na watoto

Pasipoti inasema majina matatu, shahada mawili, cheti cha kuzaliwa kinaandika Mohamed na kile cha sekondari Muhammad. Tofauti ndogo za namna hiyo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi. Kama jina limebadilishwa kweli, kiapo hakitoshi. Inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hili kabla ya mtihani wa lugha, ili hati mpya zote zifuate pasipoti.

Ndoa ya kimila au ya msikitini isiyosajiliwa isajiliwe mapema. Kenya, sheria ya ndoa ya 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Watu wanaoishi pamoja bila cheti wanaweza kutumia tamko la IMM 5409 na ushahidi wa miezi 12 ya kuishi pamoja mfululizo.

Watoto wote chini ya miaka 22 wasio na wenzi watajwe, pamoja na yule wa nje ya ndoa ambaye mkeo hajamsikia. Mtoto asiyetajwa wala kupimwa afya kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Na ukionekana umeficha, ni marufuku ya miaka 5. Mtoto mdogo anayehamia nawe huku mzazi wake mwingine akibaki, mzazi huyo atie saini fomu ya IMM 5604.

Hati ya Kiswahili lazima itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri aliyeidhinishwa. Asipokuwa ameidhinishwa, aape kuwa tafsiri ni sahihi. Ndugu yako haruhusiwi hata akiwa mfasiri wa kazi.

Zinazongoja

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila mwenye miaka 18 na zaidi, kutoka kila nchi alikoishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita. Cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha. Cha nchi uliyokwisha kuihama kinaweza kuchukuliwa mapema, na kama bado uko Oman, Qatar au Saudia, kichukue kabla ya kupanda ndege. Kukipata ukiwa nyumbani ni safari ndefu ya ubalozi na alama za vidole. Kenya, ombi la cheti cha tabia njema huanzia eCitizen.

Vipimo vya afya, tangu 21 Agosti 2025, hufanywa kabla ya kuwasilisha, kwa daktari aliye kwenye orodha ya IRCC peke yake. Matokeo hudumu miezi 12. Weka miadi mara mwaliko unapofika.

Ada zilizoanza 30 Aprili 2024 zilikuwa dola 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi kwa mtu mzima, na 260 kwa mtoto. Alama za vidole na picha ni 85 kwa mtu, 170 kwa familia. Angalia tovuti kabla ya kulipa, kwa kuwa hurekebishwa kila baada ya miaka 2. Wakala wa kulipwa awe mwanasheria wa Kanada au mshauri mwenye leseni ya huko. Anayekuahidi barua ya kazi "ya kutengeneza" anakuuzia ile marufuku ya miaka 5.

Kupakia

Kila nafasi hupokea faili moja lisilozidi MB 4. Skani kwa rangi, unganisha barua, mkataba na hati za mshahara za kila mwajiri kwenye PDF moja, kisha punguza ukubwa na uifungue tena kuona kama saini inasomeka. Historia ya miaka 10 isiwe na pengo hata la mwezi: miezi ya kutafuta kazi iandikwe kuwa ulikuwa huna kazi. Hati usiyoweza kuipata ipewe barua ya maelezo ya nusu ukurasa, yenye tarehe na ushahidi kwamba uliiomba.

Ukiona siku 60 hazitoshi, kataa mwaliko, urudi kwenye foleni. Ukiuacha uishe wenyewe, itabidi ufungue wasifu upya. Ukishawasilisha huwezi tena kubadili faili. Mtoto akizaliwa, ukioa au ukihama kazi, taarifa hiyo hutumwa kwa fomu ya mtandaoni ya IRCC, pamoja na cheti husika na namba yako ya maombi.