Gauti haiulizi kabila: muulize shangazi yako

Mjomba wangu aliamka saa tisa usiku nyumbani kwake Mikindani akidhani ameumwa na nge. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba, shuka likikigusa tu anapiga kelele. Asubuhi jirani akasema amekanyaga tego. Kituo cha kwanza tulichokwenda walimpa dawa za kuua vijidudu, na nilipotaja gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki (taka ya mwilini) kuzidi kwenye damu, nikaambiwa huo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, Mmakonde mvuvi ataupatia wapi. Mimi nafanya kazi maabara hapa Mtwara mjini, na jibu lile bado linaniuma.

Anza na mguu wenyewe. Picha nyingi za gauti zinaonyesha kidole chekundu kwenye ngozi nyeupe. Ngozi yetu haiwi hivyo: hukaza, hung'aa, pengine huwa nyeusi zaidi. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya kidole kinachouma, kisha juu ya mwenzake wa mguu wa pili, utasikia joto linavyotofautiana. Maumivu yaliyoanza ghafla na kufika kileleni ndani ya siku moja, yafikirie kuwa gauti. Ila ukiona homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda kiungo kina usaha.

Sasa hili la kabila na rangi. Tofauti zipo, sikatai. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na watu wa visiwa vya Pasifiki wanaugua gauti kuliko karibu watu wote duniani, na sehemu ya sababu ni vinasaba vinavyozuia asidi ya yuriki kutoka mwilini. Lakini angalia Marekani. Kwa takwimu za 2007 hadi 2016, wanaume weusi wenye gauti walikuwa asilimia 7.0, weupe 5.4, wanawake weusi 3.5, weupe 2.0. Watafiti walipozingatia umaskini, chakula, unene na ugonjwa wa figo, tofauti ile ikayeyuka. Kwa hiyo anayekwambia watu weusi hawaugui gauti anakupotosha.

Gauti hufuata ukoo, kwa hiyo chukua karatasi uandike ukoo wako, na hapa sisi Wamakonde tuwe makini. Tunahesabu ukoo kwa mama, wajomba tunawajua mpaka waliokufa zamani, lakini damu inatoka pande zote mbili. Kwa mjomba wangu, upande wa mama hakupatikana mgonjwa hata mmoja. Shangazi yake wa Newala ndiye aliyetuambia kwamba baba yao na babu yao wote walikuwa na "mguu unaokuja na kuondoka".

Kisha angalia dawa za presha. Mjomba hajawahi kuonja uraka, pombe yetu ya mabibo, maishani, ila alikuwa anameza vidonge vya kukojoza, na hivyo hupandisha asidi ya yuriki. Usiviache mwenyewe, mwombe daktari aangalie kama kuna vingine. Pombe, soda, maini, utumbo na dagaa wa kila siku, punguza. Mbaazi na kunde endelea kula, hazijaonekana kuleta gauti.

Kipimo cha damu watu wengi wanakikosea. Ukija maabara kidole kikiwa bado kinawaka, asidi inaweza kusoma kawaida, ukarudi nyumbani na jibu la uongo. Rudia baada ya wiki mbili au zaidi tangu maumivu yaishe, na upime figo siku hiyohiyo. Aliye kwenye dawa ya kushusha asidi hutakiwa kushuka chini ya maikromoli 360 kwa lita, sawa na miligramu 6 kwa desilita.

Alopurino, ndiyo dawa ya kushusha asidi hiyo, huanzishwa kwa dozi ndogo, miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo, na hupandishwa taratibu kwa vipimo. Ukitoka vipele au vidonda mdomoni, acha mara moja ukimbilie hospitali. Hapo asili ya mtu ina maana kweli: kinasaba kinacholeta mzio huo mbaya kinapatikana zaidi kwa Wachina wa Han, Wakorea, Wathai na Wamarekani weusi kuliko kwa Wazungu.

Mjomba alibadilishiwa dawa ya presha na sasa yuko kwenye alopurino. Mwezi uliopita nilimpima mwenyewe, asidi ikasoma 340. Alikuja amevaa ndala miguu yote miwili.