Kabla Hujaketi Kutazama: Hakikisha Pikseli na Fremu Zinafika

Runinga ya 4K ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160, na huziwasha zote hata ikiletewa picha ya 1920 kwa 1080. Zinazopungua huzibuni yenyewe. Kwa hiyo usitegemee macho tu. Wala usiishie kwenye menyu ya deki, maana hiyo husema kinachotumwa, nawe unataka kujua kinachopokelewa. Cheza video, kisha bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga. Runinga nyingi zitakuonyesha pikseli na kasi ya picha inayoingia. Kama video inatoka kwenye intaneti, iache icheze dakika moja au mbili kwanza, kwani mara nyingi huanza na picha hafifu, kisha hupanda.

Pikseli watu huzikumbuka. Fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kuunda mwendo, ndizo husahaulika, na kwangu mimi ndizo huharibu filamu zaidi. Filamu nyingi hurekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Deki ikilazimishwa kutoa 60 muda wote, hesabu haigawanyiki sawasawa: fremu moja huonyeshwa mara 3, inayofuata mara 2, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kamera ikipita polepole juu ya majengo au mlima, utaona picha ikisitasita kama inayokwama. Runinga inayoonyesha picha mara 120 kwa sekunde ikipokea 24 halisi haina taabu hiyo, kwa sababu kila fremu hupata zamu 5 kamili.

Ingia basi kwenye mipangilio ya deki au kisanduku chako, utafute sehemu inayoruhusu kasi ya fremu kufuata video yenyewe, na uiwashe. Usichague kasi moja ukaiacha hapo. Vipindi vya televisheni vya Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika huwa vya 25 au 50, vya Marekani na Japani 30 au 60. Skrini ikiwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili video inapoanza, usishtuke: runinga inabadili kasi.

Namba zikiwa chini ya ulivyotarajia, fuata njia ya picha kifaa kwa kifaa. HDMI ndiyo njia ya waya na matundu inayopitisha picha na sauti: toleo la 1.4 hubeba 4K hadi fremu 30 tu, 2.0 hufika 60, na 2.1 hufika 120. Amplifaya ya zamani ikikaa katikati, itaishusha picha hata kama deki na runinga ni mpya. Vifaa vyote njiani vinahitaji pia ulinzi wa HDCP 2.2, unaozuia filamu kunakiliwa, kwa filamu nyingi za 4K. Kimoja kikiukosa, picha hushuka au haionekani kabisa. Kagua na tundu lenyewe: runinga nyingine hazina uwezo kamili kwenye kila tundu, na nyingine hutaka uuwashe kwenye menyu. Waya mrefu ujaribu kwa 60, maana unaofanya kazi vizuri kwenye 24 unaweza kutoa vimulimuli au kukatakata ukizidishiwa mzigo.

Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo kabla ya kupima. Hicho hutunga fremu za kujazia katikati, na kikiwa kimewashwa hutajua kusitasita kumekwisha au kumefichwa tu. Majina yanayopanda mwishoni mwa filamu ni kipimo kizuri: yatazame yakipanda, kisha urudi kwenye kitufe cha taarifa uone kama pameandikwa 24.