Kabla hujagusa nyaya za mtandao ofisini

Katika ofisi moja ya pale Uhindini, Mbeya, niliwahi kuchomoa waya uliokuwa unaning'inia nyuma ya raki, yaani kabati la vifaa vya mtandao, hauna lebo, umejaa vumbi. Nilidhani umekufa. Kumbe ndio uliokuwa ukipeleka mtandao ghorofani, na huko watu walikuwa kwenye foleni ya malipo. Tangu siku hiyo sichomoi waya ambao sijazijua ncha zake zote mbili.

Kwa hiyo anza na daftari, koleo baadaye. Pita chumba kwa chumba na uipe kila soketi jina: 2-05-B, yaani ghorofa ya 2, chumba cha 5, soketi ya pili. Jina hilohilo liandikwe upande wa raki. Lebo ya upande mmoja haimsaidii fundi atakayekuja usiku akiwa na tochi ya simu. Plasta nyeupe ya dukani hukauka na kubanduka, tafuta lebo za nyaya zenyewe.

Waya usiojulikana hutafutwa kwa kifaa cha mlio: kisanduku kinachomekwa kwenye soketi, kalamu yake inapitishwa juu ya nyaya za raki hadi ilie. Huna? Msimamishe mwenzako mbele ya swichi, kile kifaa cha kwenye raki kinachogawa mtandao kwa kompyuta, na simu sikioni. Ukichomoa kompyuta, atakuambia ni taa ipi imezimika. Mwenye kompyuta aombwe kwanza ahifadhi kazi yake.

Azima testa, yaani kipima kebo, mapema, na upime hata nyaya zinazofanya kazi. Ndani ya kila kebo mna nyaya 8, na kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huzihitaji zote. Mmoja ukikatika, mara nyingi mtandao hauzimiki, bali hushuka hadi 100, na ofisi nzima inailaumu kampuni ya intaneti miezi na miezi.

Unaponunua kebo, kwangua ncha ya waya wa ndani kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache. Toka swichi hadi kompyuta isizidi mita 100. Vichwa vya kebo vyote vifuate mpangilio mmoja wa rangi za nyaya, na kwa kufungia chukua mikanda ya kunata (velcro), maana ile ya plastiki ikikazwa huminya kebo. Nyaya za umeme zipite njia yake.

Kazi yenyewe ya kugusa nyaya ipange Jumamosi mchana, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Radi za nyanda hizi huingia kupitia kebo ya shaba iliyovutwa nje toka jengo moja hadi jingine, na zikifika kwenye swichi huunguza porti (matundu ya kuchomekea kebo) nyingi kwa mpigo. Kebo ya namna hiyo ukiiona, iandike kwa wino mwekundu na umwambie mwenye ofisi abadilishe aweke faiba, kebo ya nyuzi za kioo isiyopitisha umeme. Nakala ya daftari ibaki ndani ya mlango wa raki.