Kuchajia gari ya umeme nyumbani: yaliyotukuta Jambiani, hatua kwa hatua

Shemegi yangu wa Jambiani, kusini mwa Unguja, aliuza Toyota IST yake ya petroli akaagiza Nissan Leaf kutoka Japani. Siku gari ilipotoka bandarini nilimwambia, "Bwana shemegi, hili jambo jepesi, unachomeka tu kama simu." Mimi fundi umeme, miaka yote napita majumba ya watu, nikaona nimemaliza. Ilituchukua siku tatu na safari mbili za mjini kabla taa ya chaja haijakubali kuwa kijani. Tangu hapo wameshaniuliza watu wanne, basi naandika mara moja.

Hatua ya 1: Jua unatembea kilomita ngapi

Andika masafa yako ya wiki nzima, usikisie. Visiwa hivi vya Zanzibar vimeumbiwa gari hizi. Unguja kutoka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini ni kama kilomita 85, Pemba ni fupi zaidi, na Chake kwenda Wete ni kama 30 tu. Shemegi ana duka Darajani, mjini, kwa hiyo kila siku anakwenda na kurudi kilomita mia na kitu. Leaf kwa mwendo wa barabara zetu inakwenda kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja). Yeye basi anahitaji uniti 17 hivi ndani ya betri kila siku. Anayekaa Fuoni na kufanya kazi Malindi hafikishi hata 5.

Hatua ya 2: Nunua betri, si gari

Rangi na viti utavisahau. Leaf za mwanzo zilikuja na betri ya uniti 24, halafu 30, na umbo jipya la mwisho wa 2017 likaja na 40. Kwenye dashi, upande wa kulia wa geji ya chaji, kuna vijisanduku vidogo 12 vinavyoonesha afya ya betri. Cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kama asilimia 15. Mwambie wakala akutumie picha ya dashi ikiwa imewaka. Hata hiyo usiiamini peke yake, kwani kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu za betri vijisanduku vikarudi vyote 12, kisha vikaanza kudondoka baada ya wiki chache. Mtu mwenye kifaa cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu ya LeafSpy atakuambia ukweli kwa dakika tano.

Na Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, inapozwa na upepo tu. Kwa joto letu mimi nisingegusa betri ya 24 iliyobaki na vijisanduku 8, hata kwa bei ya pikipiki.

Hatua ya 3: Waya wa kuchajia

Waya unaokuja na gari ya Japani umetengenezwa kwa volti 200 na plagi yake haiingii popote hapa. Kuna mafundi wanaikata plagi ile na kutia yetu ya 13 amp. Usifanye. Nunua chaja ya kubebeka ya volti 220 hadi 240, yenye kichwa cha Type 1 (ndicho kinachoingia kwenye tundu la Leaf ya Japani), na inayokuruhusu kuchagua amp 8, 10, 13 au 16.

Wauzaji watakusukumia lile boksi la ukutani la amp 32. Leaf nyingi za Japani zinapokea kilowati 3 tu, hata ukizifungia boksi la hoteli. Hela hiyo weka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Eathi

Eathi ni waya wa kinga unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Hapa ndipo siku tatu zilipokwenda.

Usiku wa kwanza tulichomeka kwenye soketi ya barazani. Friji inafanya kazi hapo, pasi inafanya kazi, feni pia. Chaja ikawaka nyekundu na kupepesa. Tukabadilisha soketi. Nyekundu. Tukabadilisha plagi. Nyekundu. Bi mkubwa akatoka na kandili, akatutazama, akasema gari ya petroli haikuwa na maneno haya. Asubuhi nikaibeba ile chaja mpaka kwangu mjini, nikaichomeka: kijani, haina neno. Basi ubovu ulikuwa wa nyumba.

Nilipoifungua ile soketi, tundu la tatu, lile la juu, halikuwa na waya hata mmoja. Aliyefunga nyumba alipitisha nyaya mbili tu. Friji na pasi havijali, vinawaka hivyo hivyo na mtu hajui kama hana kinga mpaka siku ya kupigwa. Chaja ya gari haiko hivyo. Inaipima eathi kwanza, na isipoiona haiachii umeme.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu kuna njia ya mkato na utaambiwa tu. Fundi atachukua kipande cha waya, ataunga eathi na nyutro (waya wa kurudishia umeme) ndani ya soketi, taa itageuka kijani na atakudai elfu kumi. Ile ni kuidanganya chaja. Nyutro ikikatika mahali, kwenye nguzo au kwenye kiungio kilicholiwa na chumvi (na huku pwani vinaliwa), bodi nzima ya gari inakuwa na umeme. Mtoto anashika mlango akiwa miguu mitupu kwenye mchanga ulioloa. Fundi akikufanyia hivyo, mtoe nyumbani kwako.

Tukapitisha waya wa eathi kutoka kwenye boksi la breka mpaka barazani. Nyekundu tena! Nikafuata waya wa nje nikakuta unaishia kwenye kipande cha nondo yenye kutu, futi mbili, imesimamishwa kwenye kifusi. Nikapima kwa mita ya eathi: zaidi ya omu 600 (omu ni kipimo cha ukinzani, kikiwa kidogo ndiyo eathi nzuri). Kanuni za nyaya za Uingereza zinasema ukipita 200 kipimo hakitegemeki, na mimi mwenyewe siondoki nyumba ya mtu bila kufika chini ya 100.

Tatizo la Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi na upande wote ule ni maweni. Udongo kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe, na kiangazi jiwe hilo ni kavu halipitishi umeme. Mbweni au Bububu unagonga fimbo ya shaba kwa nyundo inazama. Jambiani tulipiga mtarimbo asubuhi nzima tukapata shimo la kuzamisha mkono.

Kilichosaidia:

- Tafuta penye majimaji. Sisi tulikwenda nyuma ya choo, chini ya migomba, yanakomwagika maji ya kuogea. Pale jiwe lina nyufa na udongo mweusi umejaa ndani yake.
- Zamisha fimbo mbili za shaba badala ya moja. Zetu zilikuwa za mita 1.2, na tuliziachanisha mita tatu. Zikikaribiana mno ni kama una moja.
- Unganisha kwa klempu ya shaba, siyo kwa kusokota waya, halafu paka grisi.
- Chumvi usitie. Wazee walikuwa wanamwaga gunia la chumvi na makaa, na kweli kipimo kinashuka, lakini baada ya mvua mbili imekwenda na fimbo imeanza kuliwa.

Fimbo ya kwanza ilitupa omu 140. Ya pili ikatufikisha 75. Saa kumi na moja jioni taa ikawa kijani, na shemegi akakaa chini kwenye ngazi bila kusema kitu.

Mwenye nyumba ya maweni apime tena mwisho wa kiangazi, kabla ya masika. Kipimo cha mvua kinadanganya.

Hatua ya 5: Soketi na breka

Soketi ya kawaida ya 13 amp haikuumbwa kubeba mzigo mzito saa nane mfululizo. Ukiitumia, weka chaja kwenye amp 10, usizidishe. Mimi napendelea ile ya bluu ya 16 amp, ya mviringo, wanayofungia jenereta. Ipe laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, breka ya 20, na breka ya ELCB ya miliamp 30, ile inayokata umeme ukivuja. Ukimwambia muuzaji wa Darajani unataka ya "Type A" kwa ajili ya gari, atakuelewa au atakuuzia yoyote, kwa hiyo soma mwenyewe ubavuni.

Hatua ya 6: Gharama

Chukua risiti yako ya TUKUZA (umeme wa kulipia kabla), gawa pesa zote ulizolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako, usisikilize ya jirani. Soma mita kabla ya kuchaji na baada, zima AC na pampu usiku huo ili usichanganye.

Uniti 17 za kwenye betri hazitoki 17 kwenye mita. Kiasi kinapotea njiani kwa joto, kama moja katika kila kumi. Shemegi anakatwa kama 19. Tuseme uniti inakuangukia shilingi 300: siku yake ya Jambiani na mjini ni 5,700. IST yake ilikuwa inakunywa lita 7 na zaidi kwa masafa hayo hayo. Zidisha kwa bei ya mwezi huu ya petroli inayotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma Zanzibar, utaona mwenyewe.

Hatua ya 7: Saa za kuchaji

Usichaji gari iliyotoka safarini mchana wa jua, iache ipoe kivulini. Shemegi anachomeka saa tatu usiku, baada ya umeme wa shamba kupata nguvu. Ramadhani anasubiri tarawehe imalizike, na wakati wa daku imeshajaa. Akiwa hana safari ndefu anaichomoa kwenye asilimia 80.

"Na umeme ukikatika?" Kila mtu ananiuliza hivyo, na waliokaa Unguja gizani Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa, wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kutolala na chini ya asilimia 40. Umeme ukirudi, subiri dakika kumi ndipo uchomeke.

Wiki ya kwanza, kila baada ya saa moja ya kuchaji, shika plagi kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Kiganja kikikataa kukaa, chomoa, fungua soketi, kaza skrubu. Ya shemegi ilikuwa na moja imelegea.