Namna ya Kuchambua Muziki wa Filamu: Noti Mbili za Papa

Kwa mwanafunzi wa muziki hapa Bagamoyo, mfano mzuri wa kuanzia ni muziki ambao John Williams aliutungia filamu ya Jaws ya mwaka 1975, inayohusu samaki papa anayewashambulia waogeleaji, kwa kuwa kiini chake ni noti mbili tu, E na F, zinazoachana kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kwenye kinanda.

Sikiliza kwanza bila picha, kisha zitafute noti hizo upande wa kushoto wa kinanda. Zipige, nyamaza, uzipige tena. Utahisi kwamba F inaielemea E pasipo kutulia, na hapo ndipo hofu inapozaliwa. Zimekabidhiwa sello na besi. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga besi wa taarabu anajua jinsi nyuzi nene zinavyotetemesha kifua.

Andika pembeni kila badiliko na muda wake: kasi inavyoongezeka, ala zinavyojiunga, na mahali tuba, ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito, inapoingia kwa noti za juu kuliko kawaida yake, ikitoa mlio uliobanwa ambao kwangu unatisha kuliko besi zenyewe.

Hatimaye tazama pamoja na picha, na utafute pia mahali ambapo muziki haupo, jambo ambalo wachambuzi wengi wachanga hulisahau: wavulana wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, okestra iko kimya, kwa sababu noti zile zimewekwa kwa ajili ya papa wa kweli peke yake.