Kuzalisha namba nasibu kwa kaosi ndani ya FPGA

Fomula yetu ni fupi: x mpya = 4x(1 − x), x ikiwa kati ya 0 na 1. Kwenye karatasi, tofauti ndogo ya mwanzo hukua maradufu, kwa wastani, kila hatua; hiyo ndiyo kaosi. Ndani ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe, biti zina kikomo, na kikomo hicho ndicho kinachotupa kazi.

Hatua ya 1. Weka x kwenye rejista X (hifadhi ndogo ndani ya chipu) ya biti 32, thamani yake ikisomwa kama X/2^32. Zidisha X kwa (2^32 − X), kisha chukua biti ya 61 hadi ya 30 za jibu, ukihesabu kuanzia 0.

Hatua ya 2. Ziba mashimo. X ikiwa 2^31, jibu ni 0, na 0 huzaa 0 daima. X ikiwa 3 × 2^30, yaani 0.75, inajirudia yenyewe. Weka kilinganishi kinachozikamata hali hizo na kupakia mbegu mpya, yaani thamani nyingine ya kuanzia.

Hatari kubwa zaidi ni mzunguko, yaani namba kuanza kujirudia. Hali ziko zaidi ya bilioni 4, lakini njia hujifunga mapema: makadirio ni mzizi wa pili wa idadi hiyo, hatua 65,536 hivi, tena pungufu, maana X na 2^32 − X huzaa jibu lile lile. Kwa saa ya 100 MHz, hatua moja kwa kila mdundo, hiyo haifiki hata milisekunde moja. Biti 64 zinaahirisha tatizo tu.

Hatua ya 3. Ingiza kelele halisi, yaani mtikisiko wa umeme usiotabirika. Unganisha geti 5 za NOT (hugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0) kwa duara. Idadi lazima iwe witiri, ili duara lisitulie. Programu ya kuunda saketi itaziona hazina kazi na kuzifuta, hivyo ziwekee alama ya kuzihifadhi. Sampuli ya duara hilo ipitie flipuflopu mbili (seli za kushika biti moja), kisha ifanyiwe XOR (jibu ni 1 biti mbili zikitofautiana) na biti ya chini kabisa ya X kila hatua. Kaosi itaikuza hadi biti za juu baada ya hatua kama 32, kwa hiyo usitoe chochote kabla ya hapo.

Hatua ya 4. Toa biti 8 za chini tu. Thamani za x hurundikana karibu na 0 na 1, na anayeiona X nzima anakaribia kuijua inayofuata.

Hatua ya 5. Pima kelele ghafi kabla haijachanganywa, kwa kufuata SP 800-90B, mwongozo wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) wa kupima vyanzo vya kelele. Vipimo vya mwongozo wao mwingine, SP 800-22, hutazama sura ya biti tu, si chanzo chake. Hata hesabu ya 1, 2, 3 iliyosimbwa kwa AES, mfumo wa usimbaji fiche, huvifaulu. Ndani ya chipu weka pia kipimo cha biti inayojirudia mfululizo, kwa kuwa duara la geti linaweza kufungamana na mawimbi ya umeme unaolilisha.

Hatua ya 6. Kwenye usimbaji fiche, usifanye XOR ya ujumbe na biti hizi moja kwa moja. Mpokeaji hana kelele yako, hawezi kuzizalisha upya. Ukiiondoa kelele ili aweze, umerudi kwenye mzunguko mfupi. Zitumie kutengeneza ufunguo wa mfumo kama AES-256 au ChaCha20.