Kuotesha drosera Arusha na Moshi, na kuijua tiba iliyomo ndani yake

Mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kupanda mimea inayokula wadudu kwa sababu amesikia kuwa ni dawa, ni vema aanze na drosera, mmea mdogo ambao majani yake yana vinyweleo vyenye vitone vya ute vinavyong'aa mithili ya umande na kunasa wadudu wadogo. Huko Ulaya aina iitwayo Drosera rotundifolia imetumika kwa karne nyingi dhidi ya kikohozi kikavu na kifaduro, na nchini Ujerumani Kamisheni E, iliyopewa kazi ya kupima dawa za mitishamba, iliikubali kwa kikohozi kikavu na kile cha kubana kwa kiwango cha wastani cha gramu 3 za mmea mkavu kwa siku. Nguvu yake inahusishwa na flavonoidi pamoja na kundi la kemikali zinazoitwa naftokwinoni, ikiwamo plumbagini, ambazo katika maabara zimeonekana kuzuia baadhi ya bakteria na kupunguza uvimbe.

Hata hivyo, aina hiyo ya Ulaya huhitaji majira marefu ya baridi kali, kwa hiyo haitufai. Ifaayo ni Drosera madagascariensis, ambayo huota pia katika maeneo ya kinamasi hapa Tanzania, na ambayo ndiyo inayopelekwa kwa wingi kwa watengenezaji wa dawa wa Ulaya, kwa kuwa drosera ya kwao inalindwa kisheria katika nchi nyingi. Anayetaka kujifunza utunzaji kwanza anaweza kutumia Drosera capensis ya Afrika Kusini, ambayo ni stahimilivu sana. Jambo ninalolisisitiza kwa nguvu zote ni kwamba mmea using'olewe porini: vinamasi vyetu vinakauka na kugeuzwa mashamba, na kitu kilichobaki humo hakiwezi kuhimili mikono ya watafuta dawa.

Maji ndiyo yanayoua mimea hii katika mji wetu wa Arusha kuliko kitu kingine chochote. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru yana floridi, bikaboneti na chumvi nyingine kwa wingi, ilhali mizizi ya drosera imezoea maji ya kinamasi yasiyo na madini karibu kabisa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na chumvi hubaki. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha uhifadhi maji kwenye tangi la plastiki, kwani kisima cha saruji hutoa chokaa. Yakiisha, tumia maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa mafundi wa betri, ukihakikisha kuwa si yale makali yenye asidi.

Udongo nao ni kinyume cha yote tuliyofundishwa shambani. Udongo wetu wa volkeno, unaostawisha kahawa na migomba kwa kiwango cha kutufanya tujivune, utaichoma mizizi ya drosera, na samadi ndiyo hatari zaidi. Changanya kiasi sawa cha piti, yaani mboji ya mimea ya kinamasi inayotumiwa na wenye vitalu, na mchanga mweupe uliooshwa mara nyingi. Mchanga wa mito yetu haufai kwa sababu una madini ya volkeno. Tumia chungu cha plastiki chenye matundu, ukisimamishe kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita mbili hivi, mahali penye jua la kutosha. Moshi kuna joto zaidi, kwa hiyo jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri ndiyo mpango bora. Usiupe mmea vipande vya nyama, maana vitaoza juu ya jani. Mbu na inzi wadogo watakuja wenyewe.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Mmea mmoja ukikauka huwa na uzito mdogo mno, sehemu tu ya gramu, hivyo zile gramu 3 za siku moja zinahitaji kitalu kizima wala si chungu cha dirishani. Anayevuna hukata mimea inapochanua na kuianika kivulini penye hewa, kamwe si juu ya bati lenye jua kali, kwa kuwa plumbagini huruka kwa joto. Kemikali hiyo hiyo inayotarajiwa kutibu huwasha ngozi na tumbo, na katika majaribio ya wanyama imeathiri ujauzito. Mama mjamzito asiitumie kabisa. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha kifua kikuu kabla ya chai yoyote, na mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto inayojulikana kwa ugonjwa huo. Mtoto mwenye kifaduro apelekwe hospitali mara moja, na chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisirukwe.

Mimea mingine inayokula wadudu naieleza kwa kifupi. Dionaea muscipula ya Carolina, Marekani, yenye majani yanayojifunga, hutengenezewa dawa inayouzwa kama tiba ya saratani, lakini kuua seli za saratani ndani ya chupa ya maabara si kumponya mgonjwa, na ni kosa kubwa kumwachisha mtu matibabu yake kwa ajili hiyo. Sarracenia purpurea, ambayo majani yake yana umbo la mtungi, ilitumiwa na Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia nchini Kanada, dhidi ya ndui katika miaka ya 1860, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa dondoo lake huzuia virusi vya jamii hiyo kuzaliana katika maabara. Majimaji ya Nepenthes, mmea mwingine wenye mitungi ya kunasa wadudu, hutiwa machoni katika baadhi ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, usijaribu.

Mwenye kuagiza kutoka nje aombe kwanza kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako hapa Arusha. Dionaea na Nepenthes ziko pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Mbegu za drosera zinyunyizwe juu ya piti iliyolowa bila kufukiwa, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote, kisha chungu kifunikwe kwa plastiki angavu hadi miche ionekane baada ya wiki kadhaa.